Daktari Mwanagenzi: Mwanafunzi au Mfanyakazi?

Yale mkazi anafaa kujua kuhusu chama cha madaktari, mikataba yao na huduma katika hospitali za kaunti

Kila mgomo wa madaktari unapotangazwa, hospitali za kaunti hupokea maswali mengi. Mama mjamzito aliyepewa tarehe ya upasuaji anataka kujua aende wapi. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari anauliza kama kliniki yake itakuwepo. Kijana asiye na kazi anauliza ni vipi mtu mwenye mshahara wa serikali anagoma. Mara nyingi wote hujibiwa kwa neno moja: pesa.

Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Migomo mikubwa ya madaktari nchini Kenya katika miaka ya karibuni imehusu mikataba iliyotiwa saini na kisha kuchelewa kutekelezwa. Walio katikati ya mvutano huo mara nyingi ni madaktari wachanga, ambao mgonjwa huwakuta wodini usiku. Makala haya yanaeleza wao ni akina nani, sheria inasema nini kuhusu chama chao, nani hulipa nini, na mkazi ana nafasi gani katika jambo hili.

Madaktari hawa ni akina nani?

Anayesomea udaktari wa binadamu katika chuo kikuu nchini hukaa darasani na hospitalini kwa miaka sita. Wanaosomea famasia na udaktari wa meno huchukua miaka mitano. Baada ya kufuzu, hawaruhusiwi kufanya kazi peke yao mara moja. Ni lazima wapite mwaka mmoja wa uanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa, wakisimamiwa na wakubwa wao. Hao ndio wanaoitwa madaktari wanagenzi.

Daktari mwanagenzi huzungushwa katika idara kuu: magonjwa ya watu wazima, watoto, upasuaji na uzazi. Humpokea mgonjwa, huandika historia yake, hutoa damu ya kupimwa, husaidia katika chumba cha upasuaji, na humwita daktari mkubwa hali inapomzidi. Bila kukamilisha mwaka huo hawezi kupata usajili kamili. Kwa hiyo nafasi za uanagenzi zinapochelewa kutangazwa, kijana aliyemaliza chuo hukaa nyumbani. Hawezi kuajiriwa wala kufungua kliniki, na hospitali nayo hukosa mikono yake.

Kundi la pili ni madaktari wanaosomea ubingwa. Hawa tayari wamesajiliwa na wengi wao wamefanya kazi kwa miaka kadhaa. Wamerudi chuoni kuwa mabingwa wa upasuaji, watoto, uzazi, nusukaputi au fani nyingine. Masomo yao hufanyika zaidi wodini kuliko darasani, katika hospitali kubwa kama Kenyatta jijini Nairobi na Moi jijini Eldoret. Usiku, mgonjwa wa rufaa anapofika huko, mara nyingi daktari wa kwanza kumwona ni mmoja wao. Aliyetumwa na kaunti kwa likizo ya masomo huendelea kupokea mshahara wake. Anayejilipia hulipa karo, huingia zamu, na mwisho wa mwezi hana mshahara. Hali hiyo imekuwa mojawapo ya malalamiko ya muda mrefu ya chama cha madaktari.

Mwanafunzi au mfanyakazi?

Chanzo cha mvutano kiko hapo. Akihesabiwa kuwa mwanafunzi, anachopewa ni posho ya kujikimu, na mwajiri anaweza kuipunguza bajeti inapobana. Akihesabiwa kuwa mfanyakazi, anastahili mshahara uliokubaliwa, saa za kazi zenye kikomo, bima, likizo na haki ya kujiunga na chama.

Swali hili limesumbua nchi nyingine pia. Nchini Marekani, bodi ya kitaifa ya masuala ya kazi iliamua mwaka wa 1976 kwamba madaktari walio katika mafunzo ni wanafunzi. Mwaka wa 1999, katika shauri lililohusu hospitali moja ya Boston, bodi hiyo hiyo iligeuza msimamo na kusema kwamba wao ni wafanyakazi, hata kama wanaendelea kujifunza. Uamuzi huo uliwafungulia madaktari wa hospitali za kibinafsi njia ya kuunda vyama. Uingereza, ambako madaktari hao walianza mfululizo wa migomo Machi 2023, hata jina lao lilibadilishwa Septemba 2024, kwa hoja kwamba jina la zamani lilimfanya daktari mwenye miaka mingi kazini aonekane kama mtoto wa shule.

Nchini Kenya swali hilo limejibiwa kwa sehemu kubwa kupitia mikataba. Mkataba wa mwaka wa 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari uliwapangia wanagenzi mshahara, pamoja na marupurupu, wa Sh206,400 kwa mwezi. Kwa kufanya hivyo, uliwatambua kuwa watu walio kazini.

Safari ya chama

Madaktari wa Kenya hawakupata chama kwa urahisi. Mwaka wa 1994 waligoma wakitaka chama chao kisajiliwe, na wakakataliwa. Mambo yalibadilika baada ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kuunda au kujiunga na chama, na kugoma. Mwaka uliofuata, 2011, chama cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno kilisajiliwa. Wengi hukijua kwa herufi KMPDU. Desemba mwaka huo huo kiliongoza mgomo wake wa kwanza.

Juni 2013, chama hicho na Wizara ya Afya vilitia saini mkataba wa makubaliano ya pamoja, unaofahamika kama CBA. Wiki chache baadaye, Agosti 2013, huduma za afya zilihamishiwa kaunti. Madaktari walikuwa na karatasi yenye saini ya serikali ya kitaifa, lakini wengi wao sasa walikuwa na mwajiri mwingine. Kaunti zilisema hazikuwa mezani mkataba ulipoandikwa, na mkataba wenyewe ulikuwa haujasajiliwa mahakamani. Miaka ikapita.

Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari waliweka chini vifaa vyao. Mgomo huo ulidumu siku 100. Mahakama iliutangaza kuwa kinyume cha sheria, na Februari 2017 viongozi wa chama wakafungwa kwa kukaidi amri yake, kisha wakaachiliwa siku chache baadaye. Makubaliano ya kurudi kazini yalitiwa saini tarehe 14 Machi 2017, na katikati ya mwaka huo mkataba mpya ukapatikana.

Mvutano ulirudi mwaka wa 2024. Serikali ilisema haiwezi kumudu malipo ya wanagenzi yaliyo kwenye mkataba na ikapendekeza Sh70,000 kwa mwezi. Tofauti ilikuwa Sh136,400 kwa kila mwanagenzi. Chama kilisema mkataba hauwezi kubadilishwa na upande mmoja. Mgomo ulianza katikati ya Machi na kumalizika tarehe 8 Mei, baada ya siku 56, lakini suala la wanagenzi likabaki bila suluhu. Ilifika Desemba 2024, siku chache kabla ya mgomo mwingine, ndipo pande hizo zikakubaliana kwamba wanagenzi walipwe kulingana na mkataba wa 2017.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Katika migomo yote miwili mikubwa, 2016 na 2024, deni la awali liliendelea kukua hadi likalipwa na mgonjwa aliyekuta mlango umefungwa.

Si mshahara peke yake

Mikataba ya madaktari hugusa pia kupandishwa vyeo, bima ya matibabu, nafasi za masomo na ajira za kudumu badala ya kandarasi fupi. Suala la saa za kazi linamgusa mgonjwa moja kwa moja. Daktari mmoja anapoachiwa wodi ya uzazi na ya upasuaji usiku kucha, kisha akaendelea na raundi ya asubuhi, uchovu wake humfikia aliye kitandani.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 katika jarida la New England Journal of Medicine ulilinganisha ratiba mbili za madaktari wanagenzi katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali moja ya Boston. Waliofanya zamu ndefu za kawaida, za saa 24 au zaidi, walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi kuliko waliopunguziwa saa. Mwaka mmoja kabla ya hapo Marekani ilikuwa imeweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari walio katika mafunzo. Saa 80 bado ni mara mbili ya wiki ya kawaida ya mfanyakazi wa ofisini.

Kwa hiyo mkataba unaoweka idadi ya madaktari na saa zao za zamu humlinda mgonjwa vilevile. Mgomo nao humuumiza. Upasuaji huahirishwa, wagonjwa hurudishwa nyumbani, na familia zisizo na uwezo huuza mbuzi au kukopa ili kulipa hospitali ya kibinafsi. Pande zote mbili hujua hivyo, na ndiyo sababu sheria imeweka hatua za kupitia kabla ya mgomo.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka wa 2007 inaeleza njia hiyo.

Kwanza, mwajiri hulazimika kukitambua chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kuwa wanachama. Pili, pande hizo hujadiliana na kuandika mkataba. Mkataba ukisajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, unaanza kutekelezeka kisheria, na mwajiri hawezi kuuacha kwa kusema tu kwamba hali imebadilika.

Tatu, mzozo ukizuka, huripotiwa kwa Waziri wa Leba ili mpatanishi ateuliwe. Upatanishi ukishindikana, chama kinaweza kutoa ilani ya mgomo ya siku saba kwa maandishi. Mgomo uliofuata hatua hizo unalindwa na sheria, na mfanyakazi hawezi kufutwa kwa kushiriki. Hata hivyo, mwajiri halazimiki kumlipa kwa siku ambazo hakufanya kazi. Mgomo usiofuata hatua hizo hauna ulinzi huo, na mfanyakazi anaweza kuadhibiwa.

Huduma za hospitali ziko katika orodha ya huduma muhimu. Kwa sababu hiyo migomo ya madaktari huishia mahakamani mara nyingi, na mahakama inaweza kusimamisha mgomo na kuwaamuru wahusika warudi kwenye mazungumzo.

Nani hulipa nini?

Mkanganyiko mwingi hutokea hapa. Jedwali la Nne la Katiba linaiachia serikali ya kitaifa sera ya afya na hospitali kuu za rufaa za kitaifa. Kaunti zimepewa zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti.

Wanagenzi hupangiwa vituo na Wizara ya Afya na malipo yao hutoka kwa serikali ya kitaifa, ingawa wengi hufanya kazi ndani ya hospitali za kaunti. Daktari aliyeajiriwa na kaunti hulipwa na kaunti, na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ndiyo inayoajiri na kupandisha vyeo. Tume ya Mishahara na Marupurupu hutoa ushauri kuhusu viwango vya malipo ya watumishi wa umma katika serikali zote mbili. Mikataba mikubwa hujadiliwa Nairobi, lakini sehemu kubwa ya gharama yake huja kuonekana kwenye bajeti za kaunti 47.

Kaunti nazo zina mipaka. Kanuni za fedha za mwaka wa 2015 zinasema mishahara na marupurupu ya wafanyakazi yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti nyingi tayari zimevuka kiwango hicho. Mgao kutoka Hazina ya Kitaifa unapochelewa, mishahara huchelewa pia. Haya yanaeleza ugumu uliopo, lakini hayafuti mkataba. Yako mambo ambayo kaunti yenyewe ndiyo yenye jukumu nayo: kupandisha cheo aliyetimiza masharti, kulipa bima kwa wakati, kuwasilisha makato ya mishahara yanakostahili kwenda, na kutowaacha madaktari kwenye kandarasi za muda mfupi mwaka baada ya mwaka. Mengi ya hayo hayahitaji kusubiri Nairobi.

Mkazi afanye nini wakati wa mgomo?

Dharura haisubiri. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ajali, kutokwa na damu nyingi, uchungu wa uzazi wenye matatizo, mtoto anayepumua kwa shida au mwenye degedege, yote ni dharura. Mgonjwa apelekwe kituo cha karibu kilicho wazi, cha umma, cha dini au cha kibinafsi.

Zahanati na vituo vya afya vingi huendeshwa na wauguzi na maafisa wa kliniki, ambao wana vyama vyao. Madaktari wanapogoma peke yao, chanjo za watoto, kliniki za wajawazito na huduma za upangaji uzazi kwa kawaida huendelea huko. Ni vyema kuuliza kwanza, kwani mwaka wa 2024 maafisa wa kliniki pia waligoma.

Wanaotumia dawa kila siku, za shinikizo la damu, sukari, kifua kikuu, kifafa au virusi vya ukimwi, wasiache kuzimeza. Ilani ya mgomo ikitolewa, siku saba zile zitumike kuchukua dawa za kutosha. Mama aliyekaribia kujifungua, hasa aliyewahi kupasuliwa, apange mapema na familia yake mahali pa kwenda na usafiri wa usiku.

Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini aombe barua ya rufaa na nakala za vipimo vyake. Karatasi hizo humwezesha daktari wa hospitali nyingine kuendelea pale mwenzake alipoachia, na humwokolea mgonjwa gharama ya kupimwa upya. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wanaweza kueleza ni kituo gani kiko wazi katika eneo husika.

Nafasi ya mkazi kabla ya mgomo

Mgomo hujadiliwa sana siku unapoanza. Wakati wa kuuzuia ni wakati wa bajeti. Taarifa ya Mkakati wa Fedha ya Kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti hufuata kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katika hatua hizi Bunge la Kaunti lina wajibu wa kikatiba wa kushirikisha umma.

Mkazi anayehudhuria kikao cha bajeti anaweza kuuliza maswali yanayohitaji jibu la tarakimu. Kaunti ina madaktari wangapi, na wangapi kati yao wako kwenye kandarasi? Ni wangapi waliostahili kupandishwa cheo na bado wanasubiri? Bajeti imetenga kiasi gani kwa malimbikizi ya mishahara yaliyokubaliwa? Ni madaktari wangapi wametumwa kusomea ubingwa, katika fani zipi, na wamejifunga kurudi kuitumikia kaunti kwa muda gani? Usiku, hospitali kuu ya kaunti huwa na madaktari wangapi kwenye zamu?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Serikali za Kaunti inamruhusu mkazi kuwasilisha ombi rasmi mbele ya Bunge la Kaunti. Mwakilishi wadi anaweza kumwelekeza mkazi namna ya kuliandika. Kamati ya afya ya bunge hilo ndiyo inayoweza kuwaita maafisa wa idara na kuwataka waeleze, mkataba kwa mkataba, ni kipi kimetekelezwa na ni kipi kinadaiwa.

Maswali hayo yakiulizwa Machi, kunabaki muda wa kurekebisha takwimu kabla bajeti haijapitishwa. Yakiulizwa baada ya ilani ya mgomo kutoka, pesa huwa zimekwisha gawanywa, na kinachobaki ni kupigania kilichosalia.